Mtoto Anaposumbua Safarini: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Mchezo, Njiani Kutoka Mombasa hadi Nairobi

Fundi wa magari anayejua kazi yake hagusi spana kabla ya kuisikiliza injini. Humwambia mwenye gari aliwashe, akasimama kando na kutega sikio, na mara nyingi huwa amekwisha kuujua ugonjwa kabla boneti halijafunguliwa. Sisi wazazi wa Mombasa tunaofunga safari ya bara na watoto wadogo hufanya kinyume chake: mtoto akilia kabla hatujaipita Mazeras tunampa simu, akilia tena tunampa peremende, akilia mara ya tatu tunamkaripia, na katika mara zote tatu hakuna aliyejiuliza analilia nini.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kama zinavyojitokeza kwa kawaida katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, yenye takriban kilomita 480, na unawahusu zaidi watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka saba. Anayekwenda Malindi au Lunga Lunga atazikuta dalili zile zile, ila nyingi hazitapata muda wa kukomaa kwa kuwa safari ni fupi. Katika kila dalili uanze kuukagua mwili, yaani kiu, njaa, joto, haja, usingizi na kichefuchefu. Kisha ukague kama mtoto anaelewa safari imefika wapi. Na mwisho kabisa ndipo useme kwamba amechoshwa na kukaa bure. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya yale tunayodhani ni kukosa mchezo ni mwili unaolalamika, na hakuna mchezo unaoondoa kiu. Mwili ukishatulia, mchezo unaohitajika ni mdogo sana, na barabara yenyewe inao.

Anauliza "Tushafika?" kabla hamjaivuka Mariakani

Mariakani iko chini ya kilomita 40 kutoka kisiwani, lakini malori yanayotoka bandarini, foleni za Changamwe na Miritini, na mizani ya Mariakani yenyewe vinaweza kukifanya kipande hicho kimeze saa nzima au zaidi. Katika muda huo gari limesimama mara nyingi, na kila liliposimama mtoto wa miaka minne aliamini safari imekwisha, kwa sababu katika maisha yake yote gari likisimama huwa limefika. Kumjibu kwamba zimebaki saa saba hakumfai kitu, maana bado hana kipimo cha saa. Kwake saa saba na kesho kutwa ni neno moja.

Tiba ya kwanza ni kuondoka mapema, mara tu baada ya sala ya alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi machoni, ili sehemu ya foleni waipite wamelala. Tiba ya pili ni kuugeuza umbali uwe kitu cha kushikika. Nyumbani kwetu hutumia kamba ya katani yenye mafundo tisa, nayo ni Mazeras, Mariakani, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Nairobi haina fundo, kwani ni pale kamba inaponyooka yote. Kila mji ukipitwa, mtoto hufungua fundo lake, na akiuliza tumefika wapi huambiwa aitazame kamba. Safari ya kwanza fundo la Mackinnon Road nililikaza kupita kiasi, na binti yangu akalishughulikia kwa kucha na kwa meno mpaka karibu na Maungu, asiulize swali hata moja. Tangu siku hiyo hulikaza makusudi.

Alikuwa akizungumza, sasa amenyamaza ghafla

Dalili hii huwafurahisha wazazi wasioijua, nao hupunguza sauti ili wasiuvunje ukimya. Geuka umtazame. Ukiona anapiga miayo bila usingizi, anameza mate mara kwa mara, uso umefifia na jasho jembamba limetokeza juu ya mdomo, una dakika chache tu kabla hajatapika.

Chanzo ni mgongano kati ya sikio na jicho. Sehemu ya ndani ya sikio inayosimamia mizani ya mwili inahisi kwamba tunakwenda, tunapinda na kupanda, ilhali macho yaliyokodolewa kwenye simu au kitabu yanaona kitu kilichotulia, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana hujibu kwa kichefuchefu. Watoto wa chini ya miaka miwili hupatwa na hali hii kwa nadra. Kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndipo hushika zaidi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya ni kuiondoa simu mkononi, na cha pili ni kuteremsha kioo. Kisha yape macho kazi ya mbali. Barabara hii ni rehema kwa jambo hilo, kwa sababu baada ya Taru nchi ni tambarare na milima huonekana kabla hujaikaribia: mwambie autafute Kasigau upande wa kushoto, na baadaye vilima vya Sagalla mnapokaribia Voi, akujulishe kila mlima unapozidi kuwa mkubwa. Ikiwa kiti chake kiko chini kiasi cha kwamba haoni kioo cha mbele wala dirisha, mchezo huo haumsaidii, na huenda kiti hicho ndicho kinachomtapisha kila safari.

Kagua pia alichokula na anachonusa. Bhajia na viazi karai za asubuhi ni tamu, lakini mafuta yake hukaa tumboni mpaka Mackinnon Road. Tumbo tupu nalo halifai. Nusu ya hamri kavu, ndizi au biskuti zisizo na krimu hutosha, na maji yanywewe kwa kuchovya midomo kila baada ya muda badala ya chupa nzima mara moja. Manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo cha dereva yatolewe kabla ya kuondoka. Wapo wanaoapa kwa tangawizi, nami sina ugomvi nao, ila tangawizi haimwokoi mtoto anayeendelea kutazama katuni. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, lakini aulizwe daktari au mfamasia siku kadhaa kabla, kwa umri na uzito wa mtoto mwenyewe. Kidonge cha mtu mzima kilichovunjwa vipande kwa kisu si kipimo.

Lipo pia suala la chombo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na bahasha ya karatasi haizuii kitu chochote kwa zaidi ya dakika moja. Chombo bora nilichokipata ni kopo tupu la mafuta ya kupikia la kilo moja, lenye kifuniko kinachobana, na tishu zilizokunjwa ndani. Hukaa miguuni pa mtu mzima wa nyuma. Usilitie kwenye buti.

Analia huku akijinyonga kwenye mkanda

Kilio hiki hakina maneno, na mgongo hupinda kama upinde. Chukulia kwanza kwamba ni joto, kisha nepi, kisha mkanda wenyewe, na uvikague kwa mkono wako, kwa maana macho hudanganya: pitisha vidole kati ya mgongo wa mtoto na kiti, na ukikuta nguo imelowa jasho umekwisha kupata jibu. Shika pia kifungo cha chuma cha mkanda, ambacho jua likikipiga kwa nusu saa huunguza paja la mtoto pasipo mtu mzima kujua.

Upande wa jua unaweza kukadiriwa kabla ya kuondoka. Kutoka Mombasa barabara huelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi huingia kutoka nyuma na upande wa kulia, yaani upande wa dereva, na la alasiri huingia kutoka mbele na upande wa kushoto. Aondokaye alfajiri amweke mtoto mdogo nyuma ya abiria, si nyuma ya dereva, na ajue kwamba baada ya chakula cha mchana hali itageuka. Wakati wa kurudi Mombasa, hesabu ni kinyume chake. Leso, yaani khanga, iliyobanwa juu ya kioo cha mlango wa nyuma ni kivuli kizuri; isibanwe kwenye vioo vya mbele wala kuzuia kioo cha nyuma anachokitegemea dereva. Nguo ziwe za pamba na nyepesi, hata kama nyanya wa Nairobi ameonya kwamba kwao kuna baridi. Sweta atalivaa Mlolongo, mlangoni mwa Nairobi.

Mtoto mchanga aliye kwenye kiti chake atolewe na kunyooshwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo. Atolewe gari likiwa limesimama; kumpakata mtoto katika barabara ambayo matrela yanapitana kwenye mlima si huruma. Na mnaposimama Voi kununua maji, mtoto asiachwe ndani ya gari lililozimwa hata kwa muda wa kulipa na kurudishiwa chenji, kwa kuwa joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa haraka kuliko mtu anavyodhani.

Kila mchezo unadumu dakika tano

Ikiwa mwili umekaguliwa na hauna lawama, basi hapa kweli tatizo ni mchezo, na chanzo huwa kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kwamba vitu vyote vilitolewa kwa pamoja: begi lilifunguliwa Miritini, na kufikia Mazeras kila kigari na kila kalamu ya rangi imekwisha kuonwa, kutupwa na kusahauliwa. Begi likae mbele, na kitu kimoja kitoke kila fundo la kamba linapofunguliwa, huku kilichotangulia kikirudi. Si lazima viwe vipya. Kijiko cha mbao, kipande cha leso na kopo lenye kifuniko humshughulisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kuliko vitu vingi vya dukani.

Chanzo cha pili ni kwamba mchezo hauhusiani na dirisha. Mtoto anayepaka rangi kitabuni ameinamisha kichwa, gari linamtikisa, mstari unapinda, anaudhika. Michezo inayodumu ni ile ya mdomo na macho, na hapo hatuna haja ya kuazima kwa mtu, kwa sababu vitendawili vimeundwa kwa watu waliokaa pamoja gizani bila kitu mkononi, na gari si tofauti sana na ukumbi wa usiku.

Siri iko katika ule utaratibu wa mji. Mtegaji husema "Kitendawili!", wengine hujibu "Tega!", na wakishindwa mtegaji hudai apewe mji. Nyumbani mtu hutoa mji wowote unaomjia. Garini tumeweka sharti kwamba mji unaotolewa lazima uwe ule unaofuata mbele yetu, na mtegaji anapokwenda huko kwa maneno, akale na kunywa na kuvikwa kilemba kabla ya kutoa jibu, lazima ataje kitu atakachokiona kwa macho tukifika. "Nipe mji." "Nakupa Voi." "Nilikwenda Voi, watu wa Voi wakanikaribisha, wakanipa mlima mzima niuegemee…" Basi watoto wanaungoja Voi kama watu wenye deni la kudai. Kwa wadogo vitendawili vya kale kama nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, hutosha. Kwa wa miaka sita na saba tega vya barabarani ulivyovitunga mwenyewe. "Nyoka wangu wa chuma amemeza masanduku hatapiki" ni treni ya mizigo ya SGR, ambayo hukimbia karibu na barabara kwa masafa marefu na hupita juu ya madaraja marefu yaliyoachwa wazi ili tembo wa Tsavo wapite chini yake.

Mchezo wa kuhesabu nao una mahali pake, ila uhesabiwe kitu kisicho kingi mno. Malori ni mengi kiasi cha kuchosha. Bora mtoto anayejua herufi atafute namba za magari zinazoanza na U kwa Uganda, R kwa Rwanda au T kwa Tanzania, kwa kuwa barabara hii ndiyo inayozilisha nchi za ndani. Mibuyu ihesabiwe kuanzia Mtito Andei kuelekea Kibwezi. Tembo hawahesabiwi, hutafutwa, na atakayemwona wa kwanza, mwekundu kwa udongo wa Tsavo, hupewa heshima ya kuchagua kituo cha kusimama.

Hadithi za mahali husikilizwa kwa makini zaidi kuliko za mbali. Mackinnon Road kuna msikiti kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali, aliyefanya kazi ya ujenzi wa reli, naye husimuliwa kwamba karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Msafiri anaweza kusimama hapo, akanawa uso, na watoto wakanyoosha miguu wakiwa na kitu cha kufikiria. Kuhusu simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli hadi walipouawa Desemba 1898, natoa tahadhari. Nilikisimulia kisa hicho kwa ufasaha mkubwa karibu na Mto Tsavo wenyewe, nikafurahia jinsi gari zima lilivyotulia, na dakika kumi baadaye mwanangu wa kiume akakataa katakata kushuka kwenda haja ndogo. Simba hao sasa wasimuliwe Nairobi.

Wanagombana nyuma

Mara nyingi mpaka haujulikani. Kunja leso mbili kwa urefu, uziweke kama ukuta kati ya viti, na utangaze kwamba kilicho upande wako ni chako. Kiti cha dirishani kibadilishwe kwa mji, si kwa dakika, kwani dakika hubishaniwa lakini Mtito Andei haibishaniwi. Ugomvi ukizidi saa sita mchana kila siku ya safari, hiyo ni njaa.

Kilio kikali simu inapozimwa

Sisemi simu isiwepo, kwa kuwa anayesema hivyo hajawahi kukwama Mlolongo jioni ya Ijumaa na watoto watatu. Tatizo hutokea pale simu ilipotolewa mwanzo wa safari, bila kikomo, na kwa kutegemea intaneti. Mtandao ukikatika porini, mtoto huona kwamba wewe ndiwe uliyemnyang'anya. Pakua mapema, tangaza kikomo kwa hadithi na si kwa dakika ("zikiisha mbili, simu inalala"), na uihifadhi kwa nusu ya pili ya safari, wakati vitendawili vimekwisha.

Hata hivyo matumizi bora ya simu niliyoyagundua hayana picha. Mwaka mmoja kabla ya safari tulimrekodi nyanya yao wa Kisauni akisimulia, kuanzia "Paukwa!" hadi mwisho wa sungura na fisi, pamoja na kikohozi chake, sauti ya jirani aliyepiga hodi katikati, na yeye kumjibu "karibu, nasimulia watoto." Watoto hujibu "Pakawa!" kana kwamba yuko nyuma ya kiti, na wanapofika penye hodi hucheka kabla haijabishwa. Macho yao yako dirishani muda wote, kwa hiyo tumbo halichafuki.

Haja imemshika pasipo na choo

Mtoto wa chini ya miaka minne hajui kusema mapema. Husema wakati umekwisha kupita. Mpeleke haja kila mnaposimama hata akikataa, na beba poti. Kati ya Voi na Mtito Andei, ambako Tsavo iko pande zote mbili za barabara, usishuke naye ukaingia vichakani. Poti itumike kando ya gari, mlango ukiwa wazi, gari likiwa limetolewa barabarani kabisa.

Baada ya Emali, hakuna linalofaa

Kamba imebaki na fundo moja, jua linaingia kutoka kushoto, mabuyu yaliyonunuliwa Mombasa yamepaka vidole, midomo na viti rangi nyekundu, na kila mtu analia kwa sababu yake. Usitafute mchezo. Chanzo hiki hakiko Emali. Kiko katika vituo mlivyovikosa nyuma kwa tamaa ya kufika mapema. Safari ijayo panga vituo viwili virefu, cha kwanza Voi, yapata kilomita 150, na cha pili Makindu, ambako hekalu la Masingasinga lililoanzishwa mwaka 1926 huwapokea wasafiri wa dini zote na kuwapa chakula bila malipo. Mvue mtoto viatu, mfunike kichwa, mfundishe kutobakisha chakula kwenye sahani. Watoto waliokaa sakafuni kwa utulivu nusu saa hutoka hapo wakiwa wapya. Peremende na mabuyu vitolewe baada ya hapo, kwa idadi. Njugu nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano ndani ya gari linalotembea, kwani akipaliwa hutamfikia kwa wakati.

Kama mmekwisha kukosea na mko Emali sasa hivi, simameni kwa robo saa, wakimbie kuzunguka mti, muwanawishe uso na shingo kwa maji baridi, kisha hadithi ya nyanya iwekwe tena tangu mwanzo.

Amelala fofofo Athi River, na usiku halali

Usingizi wa saa kumi na mbili jioni hulipwa saa saba usiku katika nyumba ya wenyeji, watu wote wakiwa wamelala isipokuwa wewe. Mwamshe Mlolongo, mvalishe lile sweta, na mpe kamba iliyonyooka aishike mkononi ili amwonyeshe mwenyeji mlangoni.